Mama Monika, aliyelia kwa ajili ya mtoto wake aliyepotea

Somo la kusoma nyumbani: Luka 15:11-32 na Warumi 13:11-14

 

Kila siku ya Mungu, ibada ikiisha na watu wakitoka, kuna wamama wengine wanaobaki nyuma kwenye mabenchi. Hawabaki kwa ajili ya mkutano. Wanangojea shemasi awakaribie ili wamwambie jina la mtoto. Mmoja mtoto wake alikwenda kuchimba dhahabu, na huu ni mwaka wa tatu hakuna habari. Mwingine binti yake alitoka usiku akamfuata mwanaume mjini. Mwingine mtoto wake yuko nyumbani, lakini anarudi wakati majogoo yanawika, ananuka pombe. Mwingine mtoto wake amesoma sana, na leo akisikia neno la Mungu anacheka.

Mimi ninayeandika haya ninawafahamu vizuri, maana hata kwetu iko hivyo. Mdogo wangu wa tumbo moja aliacha maombi, akaacha nyumba, akaenda zake. Mama yetu sasa ni mzee. Kwa siku nyingi hakutaka tutaje jina la mtoto huyo wakati wa kula. Na kila mara akiwa peke yangu naye aliniuliza neno moja tu, kwamba yeye alikosa wapi katika kumlea.

Kwa ajili ya wamama kama hao nimeandika maisha ya mama mmoja wa zamani sana, mama wa Afrika. Habari zake tunazijua kwa sababu mtoto wake mwenyewe, yule aliyemliza, aliziandika katika kitabu kiitwacho Maungamo, alipokuwa amekwisha kuwa askofu.

1. Kuzaliwa na malezi yake

Monika alizaliwa karibu mwaka 331 katika Afrika ya kaskazini, nchi iliyoitwa Numidia. Nyumba yake ilikuwa katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, katika Algeria. Nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Roma, lakini jina la Monika lenyewe ni jina la wenyeji, Waberberi. Kwa hiyo wale wanaofikiri kwamba Wakristo wakubwa wa zamani walitoka Ulaya tu, wajue kwamba siyo hivyo.

Wazazi wake walikuwa Wakristo. Aliyemlea zaidi alikuwa mtumishi mmoja mzee wa nyumba, mama ambaye zamani alimbeba mgongoni hata baba yake Monika. Mzee huyo alikuwa mkali. Hakuruhusu wasichana kunywa hata maji katikati ya saa za chakula. Alisema kwamba siku wakiolewa na kushika ufunguo wa ghala, maji hawatayataka tena, lakini desturi ya kunywanywa itabaki nao.

Pamoja na ukali huo wote, Monika alianguka. Wazazi walikuwa wanamtuma kuchota divai katika pipa. Mara ya kwanza alionja tu kwa ncha ya midomo, kwa mchezo wa kitoto. Kesho yake akaongeza kidogo, na kesho kutwa tena, mpaka akawa anakunywa vikombe karibu kujaa. Hakuna aliyejua, isipokuwa kijakazi mmoja aliyekuwa akifuatana naye. Siku moja wakagombana, na yule kijakazi, kwa kutaka kumchoma moyo, akamwita mlevi. Monika akaona haya sana, akaacha siku ile ile.

Shikeni neno hili. Huyu ambaye baadaye alilia juu ya mtoto aliyepotea, yeye mwenyewe alianza kupotea akiwa msichana, katika nyumba ya Wakristo, mbele ya macho ya mlezi mkali. Na aliyemrudisha hakuwa mzazi wala mwalimu. Mungu alitumia tusi la mtu mwenye hasira.

2. Ndoa yake na Patricius

Alipofika umri wa kuolewa, walimpa kwa mwanaume aliyeitwa Patricius. Huyu alikuwa mtu wa baraza la mji, mwenye shamba dogo, si tajiri. Hakuwa Mkristo. Alikuwa na moyo mwema, lakini hasira yake iliwaka upesi, na hakuwa mwaminifu katika ndoa.

Mamamkwe naye alimchukia mwanzoni, kwa sababu wajakazi walimpelekea maneno ya uongo. Monika alimheshimu na kumvumilia mpaka yule mzee mwenyewe akagundua uongo wao, akamwambia mtoto wake. Tangu siku hiyo wakakaa kwa upendo.

Katika mji ule wanawake wengi walikuwa na alama za fimbo usoni. Walishangaa kwamba Monika hana, na hali kila mtu anajua hasira ya bwana wake. Yeye aliwaeleza kwamba hamjibu mtu wakati wa hasira yake. Anangojea atulie, kisha anamweleza neno lake. Ndugu wababa, msichukue habari hii kama ruhusa. Aibu ya zile alama ni ya waliopiga, siyo ya waliopigwa.

Alikuwa pia na kipaji kimoja ambacho kingetusaidia sana katika makanisa yetu. Watu wawili wakigombana na kila mmoja akaja kumwambia mabaya ya mwenzake, yeye alipeleka kwa upande wa pili yale tu yanayoweza kupatanisha. Mengine yalifia kwake.

Patricius mwishoni aliamini na kubatizwa, karibu mwaka 371, akafa katika muda mfupi. Kwa hiyo Monika alikwisha kuona kwa macho yake kwamba Mungu anaweza kumgeuza mtu. Lakini mzigo mkubwa zaidi ulikuwa bado mbele.

3. Mtoto Augustino

Walikuwa na watoto watatu tunaowajua: Augustino, Navigius, na binti mmoja ambaye baadaye aliongoza nyumba ya wanawake waliojitoa kwa Mungu. Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354. Mama yake alimtia mikononi mwa Kristo tangu uchanga, na jina la Yesu aliliingiza katika moyo wake pamoja na maziwa. Hakumbatiza bado, maana wakati ule wengi walichelewesha ubatizo mpaka utu uzima.

Mtoto alikuwa na akili nyingi. Wazazi wakaona kwamba masomo yatamwinua yeye na jamaa yote. Wakampeleka katika mji wa Madauros. Alipofika umri wa miaka 16 franga za masomo zikakosekana, akarudi kukaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Ndugu wazazi, mnajua mwaka wa namna hiyo unavyokuwa. Akapata kundi. Usiku mmoja wakaenda kuiba matunda ya mti wa jirani. Hawakuwa na njaa, na mengi walitupia nguruwe. Waliiba kwa utamu wa kuiba.

Mama yake alimwita kando, akamwonya juu ya uasherati, na zaidi juu ya mke wa mtu. Augustino aliona haya kufuata maneno hayo, akayaita maneno ya wanawake.

Hapa Monika alikuwa na kosa, na mtoto wake hakulificha. Aliona hatari, lakini hakutaka kumwoza mapema, kwa hofu kwamba mke atamzuia kupata masomo makubwa. Baba alitaka sifa, na mama naye alitumaini kwamba masomo yatamleta mtoto kwa Mungu. Kwa pamoja waliangalia sana cheti kuliko roho. Ni nani kati yetu anayeweza kumtupia jiwe? Tunauza mbuzi na mabati kwa ajili ya minervali, na hatuulizi mtoto analala wapi kule mjini.

Kwa msaada wa tajiri mmoja wa kwao aliyeitwa Romanianus, kijana akaenda Carthage, mji mkubwa wa pwani, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Kule akamchukua mwanamke bila ndoa ya sheria, na karibu mwaka 372 wakazaa mtoto, Adeodatus. Alipokuwa na umri wa miaka 19 akaingia katika dini ya Wamanikeo, waliofuata mafundisho ya Mani, mtu wa Babeli. Hao walisema kwamba kuna falme mbili tangu mwanzo, ya nuru na ya giza, na kwamba dhambi ya mtu inatoka katika lile giza lililochanganyika ndani yake. Walicheka Agano la Kale. Fundisho hilo lilimpendeza, kwa sababu liliondoa kosa juu yake mwenyewe. Akakaa humo miaka 9, na akawavuta hata rafiki zake.

4. Mlango uliofungwa, na ndoto

Kijana akarudi Thagaste kufundisha. Monika aliposikia anavyomtukana Mungu wa mama yake, akakataa asikae katika nyumba yake wala asile mezani pake. Alimlilia kuliko mama wanavyolilia maiti.

Ndipo Mungu akamtuma ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao mmoja mrefu, amejaa huzuni. Kijana mwenye kung'aa akamjia akitabasamu, akamwuliza sababu ya machozi yake. Akajibu kwamba analia juu ya kupotea kwa mtoto wake. Yule kijana akamwambia atulie na aangalie, kwamba pale alipo yeye, mtoto pia yupo. Akageuka, akamwona Augustino amesimama karibu naye juu ya ubao ule ule.

Alipomweleza mtoto ndoto hiyo, Augustino akataka kuigeuza, akasema maana yake ni kwamba mama ndiye atakayemfuata katika dini yake. Monika hakufikiri mara mbili. Akamjibu kwamba hakuambiwa kuwa atakuwa alipo mtoto, bali mtoto atakuwa alipo mama. Augustino aliandika kwamba jibu hilo lilimgusa kuliko ndoto yenyewe.

Baada ya ndoto Monika alifungua mlango. Akamruhusu mtoto kukaa na kula pamoja naye tena, ijapokuwa hakuwa amebadilika hata kidogo. Hakukubali mafundisho yake, lakini alimpa sahani. Wazazi wengi wanatuuliza kama ni vizuri kufunga mlango. Siwezi kutoa sheria moja kwa nyumba zote, maana kuna mtoto anayeiba na kuna anayepiga. Lakini angalieni kwamba Monika alifunga kwa uchungu wake, akafungua kwa imani.

Tena msisahau hesabu ya miaka. Tangu ndoto ile mpaka kutimia kwake ilipita karibu miaka 9. Sisi tukiota leo tunataka kuona kesho.

Katika wakati huo alikwenda kwa askofu mmoja, akamwomba azungumze na kijana na kumshinda kwa maneno. Askofu akakataa. Alisema kijana bado anajivuna na upya wa mafundisho yake. Amwache, amwombee tu, atajionea mwenyewe uongo huo kwa kusoma. Akamweleza kwamba hata yeye mama yake alimtia kwa Wamanikeo akiwa mdogo, na akatoka bila kubishana na mtu. Monika hakutosheka, akazidi kulia na kusihi. Askofu akachoka, akamwambia aende zake, na kwamba mtoto wa machozi ya namna ile hawezi kupotea. Monika alilipokea neno hilo kama sauti kutoka mbinguni.

5. Usiku wa Carthage

Wapendwa, hapa ndipo kiini cha habari hii.

Mwaka 383 Augustino, ambaye alikuwa akifundisha tena Carthage, aliamua kwenda Roma. Mama yake alimfuata mpaka bandarini, akamshika, akitaka arudi naye nyumbani au waende wote. Augustino akamdanganya. Akasema anamsindikiza tu rafiki anayengojea upepo. Akamshauri mama alale karibu na pale, katika nyumba ya maombi ya ukumbusho wa Cyprianus, askofu wa Carthage aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Usiku ule wote Monika alikuwa humo akilia na kuomba. Aliomba jambo moja: Mungu asimruhusu mtoto kusafiri. Na usiku ule ule upepo ukavuma, matanga yakajaa, merikebu ikaondoka. Asubuhi alifika ufukoni, akaona maji tu. Akapiga kelele za uchungu, akamlalamikia Mungu kwamba hakumsikia.

Nani kati yetu hajaamka asubuhi ya namna hiyo? Ulifunga, ulikesha, uliomba kwamba mtoto asipande lile gari, na ulipoamka kitanda kilikuwa kitupu.

Lakini Augustino, alipotazama nyuma baada ya miaka mingi, aliona kwamba Mungu alimnyima mama yake ombi la usiku mmoja ili ampe ombi la miaka yote. Mama aliomba asiende Roma. Mungu alitaka aende, kwa maana njia ya Roma ingemfikisha Milano, na Milano alikuwako mtu aliyewekwa kwa ajili yake. Kama Monika angesikiwa usiku ule, labda angebaki na mtoto nyumbani na kumkosa mbinguni.

Tena kuna jambo lingine. Alipofika Roma, Augustino aliugua homa, akawa karibu kufa, na hakutaka hata ubatizo. Mama yake ng'ambo ya bahari hakujua lolote. Hakukuwa na mtu wa kumletea habari. Hata hivyo aliendelea kwenda kanisani mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, kumwombea. Aliomba bila kujua anaombea nini. Mama ambaye huna habari ya mtoto wako, fahamu hili: maombi hayahitaji anwani.

6. Milano

Mwaka 384 Augustino alipewa kazi Milano, mji alimokaa kaisari, kuwa mwalimu mkubwa wa ufasaha wa kusema. Askofu wa mji huo aliitwa Ambrosi. Augustino alikwenda kumsikiliza kwa sababu ya uzuri wa maneno yake tu. Lakini pamoja na maneno, yale yaliyosemwa yakaanza kuingia. Kumbe yule askofu wa Afrika alisema kweli: kijana akatoka kwa Wamanikeo polepole, bila mtu kumvuta.

Monika akavuka bahari kumfuata. Tufani ikawapiga, na yeye mwanamke ndiye aliyewatia moyo mabaharia, akiwaambia watafika salama, kwa kuwa Mungu alikuwa amemwonyesha. Alipofika, Augustino akamwambia kwamba si Mmanikeo tena, ingawa si Mkristo bado. Hakuruka kwa furaha. Alijibu kwa utulivu kwamba mbele ya kufa kwake atamwona mwamini. Akazidisha maombi.

Kule Milano naye alijifunza. Kwetu Afrika, Wakristo wa wakati ule walikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi wa imani. Monika alikwenda na kikapu chake, mlinzi akamzuia, akisema askofu amekataza. Hakununa wala hakubisha. Akaacha kikapu, akaleta maombi. Na mwaka 386, mama wa kaisari alipotaka kunyang'anya kanisa, waamini walikesha ndani pamoja na askofu wao, na Monika alikuwa kati ya wa kwanza. Katika kukesha huko ndiko kule Milano walikoanza kuimba nyimbo na zaburi kwa desturi ya makanisa ya mashariki, ili watu wasichoke kwa huzuni.

Lakini nisifiche upande mwingine. Monika alitaka mtoto wake aoe ndoa ya heshima. Akamtafutia mchumba wa jamaa nzuri, msichana mdogo ambaye ilibidi angojewe karibu miaka 2 ili afikie umri wa sheria. Kwa ajili ya posa hiyo, yule mwanamke aliyekaa na Augustino miaka mingi alifukuzwa. Akarudi Afrika, akaapa kutojua mwanaume mwingine, akamwacha mtoto wake Adeodatus kwa baba. Jina lake halikuandikwa. Augustino alibaki na kidonda moyoni, na badala ya kungojea, akachukua mwanamke mwingine. Mpango wa mama haukumponya. Ulileta machozi kwa mama mwingine.

Na tazameni, sisi tunaopenda ndoto na maono. Monika alimwomba Mungu amwonyeshe kitu juu ya ndoa hiyo. Akaona mambo mengi, lakini aliyaeleza bila uhakika. Alikuwa anasema anaweza kutambua, kwa ladha fulani asiyoweza kuieleza, kati ya lile Mungu analomfunulia na lile moyo wake mwenyewe unaloota kwa kutamani. Juu ya ndoa ile alikiri kwamba Mungu hakumwonyesha lolote. Huyo ndiye mama aliyeota ndoto ya ubao, na ndoto yake ilikuwa kweli. Hata hivyo hakumtwika Mungu tamaa zake. Tupime na sisi, mbele ya kumwambia mama anayelia kwamba tumeona mtoto wake anarudi.

7. Bustani

Mwaka 386, mwezi wa Agosti, Augustino alikuwa katika bustani ya nyumba yake na rafiki yake Alypius. Moyo wake ulikuwa unapigana. Alitaka kumfuata Kristo, na maisha ya zamani yakamshika nguo. Akaenda chini ya mti, akalia sana. Akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikiimba na kurudia kwamba achukue, asome. Akarudi, akafungua waraka kwa Warumi, macho yake yakaangukia mistari ya mwisho ya sura ya 13, inayotuita kuacha ulevi na ufisadi na kumvaa Bwana Yesu. Hakuhitaji kusoma zaidi. Giza likaondoka.

Waliingia nyumbani moja kwa moja kumwambia mama. Alishangilia, akamtukuza Mungu. Kwa usiku wa Pasaka, kati ya tarehe 24 na 25 Aprili 387, Ambrosi akambatiza Augustino pamoja na mtoto wake Adeodatus na Alypius.

Angalieni ni nani waliofanya kazi hii: askofu aliyekataa kubishana, Ambrosi aliyehubiri, rafiki aliyekaa karibu, mtoto asiyejulikana aliyekuwa akicheza. Monika hakuwa bustanini saa ile. Miaka yote alikuwa amemfuata mtoto kwa miguu na kwa merikebu, na saa ya wokovu ilipofika, yeye alikuwa ndani ya nyumba. Mungu ana mikono mingine kuliko mikono ya mama.

8. Kufa kwake Ostia

Walianza safari ya kurudi Afrika, wakapumzika Ostia, bandari ya Roma, wakingojea merikebu. Siku moja mama na mtoto waliegemea dirisha lililotazama bustani, wawili peke yao, wakazungumza juu ya uzima wa milele, mpaka ikawa kana kwamba wameugusa kidogo kwa mioyo yao. Monika akasema kwamba hakuna tena linalompendeza hapa duniani. Jambo moja tu lilimfanya atake kuishi, nalo Mungu alimpa zaidi ya alivyoomba.

Baada ya siku chache akashikwa na homa. Zamani alikuwa akisumbuka sana juu ya kaburi lake, akitaka azikwe karibu na Patricius. Sasa Navigius alipotamani asifie ugenini, mama alisema wazike mwili popote, wasihangaike. Anaomba tu wamkumbuke mbele ya Bwana. Hakuna mahali palipo mbali na Mungu. Siku ya tisa ya ugonjwa akafa, katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Augustino alikuwa katika mwaka wake wa 33.

Augustino alijizuia asilie kwa maziko. Kisha, akiwa peke yake usiku, akamlilia kidogo yule aliyemlilia yeye miaka mingi. Akarudi Afrika mwaka 388, akawa padri Hippo mwaka 391, na baadaye askofu. Akahudumia mpaka kufa kwake, tarehe 28 Agosti 430. Vitabu vyake vinasomwa mpaka leo. Na mwaka 1945, vijana waliokuwa wakichimba shimo la nguzo Ostia walikuta kipande cha jiwe la kaburi lenye maneno yaliyoandikwa kwa kumkumbuka Monika.

9. Mambo ya kushika

Kwanza, tusidanganyane. Si kila mama anaona mwisho kama Monika. Yeye mwenyewe aliuona miezi michache tu. Faraja ya Mkristo haitoki katika kuahidiwa siku ya mtoto kurudi. Inatoka katika kujua kwamba aliyetoka machoni mwetu hajatoka machoni mwa Mungu.

Pili, mzazi asijiue kwa swali la kwamba alikosa wapi. Monika alikosa, zaidi ya mara moja. Aliungama, akaendelea. Mungu hakungojea mama mkamilifu ili amwokoe mtoto.

Tatu, ombi la usiku mmoja likikataliwa, usiache ombi la miaka yote.

Nne, na hili ni letu sote: mtoto wa mwenzako akipita mbele yako, wewe unaweza kuwa Ambrosi wake. Usimseme sokoni. Msalimu kwa jina lake.

Nilimsomea mama yetu habari hizi jioni moja karibu na moto. Hakusema mengi. Lakini tangu siku ile, tukisimama kwa maombi ya jioni, yeye ndiye anayetaja jina la mdogo wetu, wa kwanza mbele ya watoto wote waliobaki nyumbani. Bado hajarudi.

Tuombe. Bwana Yesu, mchungaji uliyemfuata kondoo mmoja, uwakumbuke watoto wetu waliko. Uwape watu wema njiani. Uwatulize mama zao usiku. Na sisi tuliobaki nyumbani, utuzuie tusiwe yule ndugu mkubwa aliyekataa kuingia siku ya furaha. Amina.

Ndugu yenu katika Bwana,
Shemasi